Kidonda cha Mguu wa Mwenye Kisukari, na Jinsi ya Kukifunga

Maongezi yangu ya leo yahusu jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni kidonda cha mguu na kitambaa cha kukifungia. Mimi ni mwalimu wa walimu, si daktari. Lakini haya nitakayoyasema si ya kubuni. Ni mambo ambayo madaktari wameyachungua kwa miaka mingi na kuyaandika, nami nimeyakusanya kwa lugha yetu ili yule ajuaye kusoma aweze kumsomea jirani yake asiyejua.

Wahenga walisema, Mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii yamfaa kila mtu atembeaye, lakini mwenye kisukari yampasa aishike kuliko wengine wote. Kwake yeye mwiba mmoja, au msumari, au kokoto ndani ya kiatu, waweza kuwa mwanzo wa safari inayokwisha kwa kukatwa mguu. Tena safari hiyo aghalabu yaweza kuzuiliwa njiani, kama watu wa nyumbani wanajua la kufanya.

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Chakula tulacho hugeuka sukari ndani ya damu, na sukari hiyo huingia mwilini kwa msaada wa kitu kiitwacho insulini, kinachotengenezwa na kongosho. Insulini ikipungua, au mwili ukiwa hauitii, sukari hubaki katika damu ikazidi kipimo. Zamani watoto na vijana wengi waliopatwa na kisukari kikali walikufa upesi. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kutoa insulini katika kongosho za wanyama, na mwezi wa Januari 1922 mvulana wa miaka 14 alikuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwayo. Tangu hapo wenye kisukari wameweza kuishi miaka mingi. Lakini mtu akiishi miaka mingi na sukari isiyotawalika, madhara yake ya polepole nayo hupata nafasi ya kuonekana, na mojawapo ni madhara ya miguu. Mwaka 2021 shirikisho la mataifa yote la kisukari lilikadiria kwamba watu wazima wapatao milioni 537 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Na madaktari walioandika mwaka 2017 walikadiria kwamba katika kila wenye kisukari 100, kati ya 19 na 34 watapata kidonda cha mguu siku moja maishani mwao.

Sasa, sukari hufanyaje hata ikaharibu mguu? Huuharibu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuharibu mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka unyayoni mpaka kwenye ubongo. Njia ya pili ni kuziba mishipa ya damu, hata damu ikafika vidoleni kidogo kidogo, kama maji ya mfereji uliojaa matope. Mguu usiopata damu ya kutosha haupati chakula chake, wala askari wake wa kupigana na vijidudu. Na mguu uliopoteza fahamu haupigi kelele unapoumizwa.

Hapo nataka tusimame kidogo. Sisi sote twachukia maumivu, lakini maumivu ni mlinzi wa mwili. Jambo hili lilithibitishwa sana na daktari Mwingereza Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, nchi ya India, mwaka 1946, miongoni mwa wenye ukoma. Watu walidhani kwamba vidole vya wenye ukoma huoza na kuanguka kwa nguvu ya ugonjwa peke yake. Brand aliona kwamba sivyo. Ukoma huua fahamu, kisha mtu hujiumiza bila kujua: hushika chungu cha moto, hukanyaga msumari, hutembea juu ya kidonda mchana kutwa. Baadaye, tangu mwaka 1966, alifanya kazi Carville, katika jimbo la Louisiana, Marekani, na maarifa aliyoyapata kwa wenye ukoma yakawafaa wenye kisukari pia, kwa maana mguu usio na fahamu ni ule ule, ugonjwa wowote uliouleta.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya nchi za mbali. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walitangaza habari za wenye kisukari walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala. Panya alitafuna, na mwenye mguu hakuamka. Fikirini, wasikilizaji, mtu kutafunwa mwili wake mwenyewe na asijue mpaka jua lichomoze!

Yafaa basi kila nyumba yenye mwenye kisukari ijue kupima fahamu ya miguu. Kuna njia nyepesi iliyotungwa na madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, isiyotaka chombo chochote. Mwambie mgonjwa afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako, pole pole, bila kubonyeza, kwa muda wa sekunde moja au mbili, juu ya ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati, na kile kidogo cha mwisho. Fanya hivyo miguu yote miwili. Hapo umegusa mahali sita. Kila akiguswa aseme, "Naam." Akikosa kusikia mahali pawili au zaidi, mlinzi wake amesinzia, na apelekwe kwa mganga wa hospitali achunguzwe vizuri. Hata mtoto wa shule aweza kumpima babu yake hivi.

Nitawapa mfano wa mzee mmoja wa kijiji kilicho karibu na chuo chetu. Jina lake silitaji. Mzee huyu alikuwa na kisukari kwa miaka mingi. Siku moja msumari ulipenya katambuga zake ukamwingia unyayoni, naye hakujua mpaka alipoona damu juu ya mkeka. Mkwewe, mwanamke mwenye bidii, alikiosha kidonda, akafungua kapsuli za dawa akanyunyiza unga wake, akafunga kwa kipande cha kanga kilichofuliwa. Kila asubuhi alikibandua kitambaa kilichokauka, damu ikatoka upya, akafunga kingine. Na kila asubuhi mzee alivaa katambuga zake akaenda shambani. Baada ya majuma matatu kidonda kilikuwa kimechimbika, na kando yake ngozi imekuwa sugu ngumu. Ndipo walipokwenda zahanati.

Mwuguzi akamwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Kidonda hiki chakuuma?"

"Hakiniumi hata kidogo. Ndiyo maana sikuona haja ya kuja mapema."

"Babu, laiti kingekuuma! Ungekuja siku ile ile."

Yule mkwewe akasema, "Lakini dada, kila siku nimekifunga kwa kitambaa safi."

Mwuguzi akajibu, "Umefanya vema kukifunga, mama. Lakini niambie: ukipanda mche katikati ya njia, ukaufunika vizuri kwa majani, na ng'ombe wakapita juu yake kila asubuhi, mche huo utamea?"

Mkwewe akanyamaza. Mzee akautazama mguu wake, akasema, "Basi ng'ombe ni mimi."

Alipelekwa hospitali ya wilaya. Kidole kimoja kilikatwa, lakini mguu uliokoka, na mpaka leo anatembea. Nimekisimulia kisa hiki kwa ajili ya neno la yule mwuguzi juu ya mche na ng'ombe, kwa kuwa ndani yake mna elimu yote ya kufunga kidonda cha namna hii. Kitambaa hukitunza kidonda. Lakini kidonda hupona pale tu mwili unapopewa nafasi ya kukiponya.

Tukitazame basi kitambaa chenyewe na kazi zake. Kazi ya kwanza ni kuzuia uchafu na nzi. Ya pili ni kufyonza majimaji yatokayo kidondani. Ya tatu ni kukihifadhi kidonda kisikauke sana. Ya nne ni kutoka bila kuchuna nyama changa.

Hiyo kazi ya tatu huwashangaza wengi, maana tumezoea kuambiwa kwamba kidonda kianikwe kikauke. Mwaka 1962 mtaalamu wa Uingereza, George Winter, alitangaza majaribio yake juu ya ngozi ya nguruwe, inayofanana na ya binadamu kwa mengi. Majeraha mengine aliyaacha wazi yakafanya gaga, mengine aliyafunika kwa utando mwembamba wa plastiki yakabaki na unyevu. Yale yaliyofunikwa yaliota ngozi mpya upesi karibu mara mbili kuliko yale yaliyoachwa. Sababu yake yafahamika: ngozi mpya hutambaa kutoka kando kuja katikati, nayo hutambaa vyema juu ya mahali penye unyevu, ikikuta gaga kavu hulazimika kuchimba njia chini yake. Tangu hapo waganga walianza kufikiri upya juu ya vitambaa vyao.

Lakini unyevu nao una kipimo chake, kama shamba la mpunga na shamba la mtama. Kidonda kikavu hutiwa dawa ya ute ute ili kilainike. Kidonda kinachotoa maji mengi hufungwa kwa sifongo laini ya kufyonza, au kwa kitambaa kinachotengenezwa kwa mwani wa bahari, ule wa rangi ya kahawia, usio sawa na mwani unaolimwa Unguja na Pemba. Kidonda cha kiasi kinatoshwa na shashi safi isiyogandamana, yaani ile nguo nyembamba yenye matundu ambayo wauguzi huiita gozi. Iko namna moja isiyotaka unyevu kabisa: kidole kilichokwisha kuwa cheusi na kikavu kwa kukosa damu. Hicho huachwa kikavu, na mgonjwa hupelekwa hospitali mara moja.

Je, kitambaa cha bei kubwa hushinda cha bei ndogo? Swali hili ni la maana kwetu sisi ambao fedha zetu ni za kuhesabu. Madaktari wa Uingereza walilijaribu wakatangaza majibu mwaka 2009. Waliwagawa wagonjwa 317 wenye vidonda vya kisukari: wengine wakafungwa kwa kitambaa cha kawaida kisichogandamana, wengine kwa kitambaa chenye iodini, wengine kwa kitambaa cha kisasa cha kufyonza. Baada ya majuma 24 haikuonekana tofauti ya maana katika kupona kwao. Kwa haki yapasa niseme pia kwamba jaribio jingine, lililofanywa Ulaya na kutangazwa mwaka 2018 kwa wagonjwa 240, liliona faida kwa kitambaa kimoja kilichotiwa dawa iitwayo sukrosi oktasalfeti. Wagonjwa wake walikuwa na vidonda visivyo na usaha, katika miguu yenye upungufu wa fahamu na wa damu. Baada ya majuma 20, katika wale waliokitumia, vidonda vya watu 48 katika kila 100 vilifunga, na katika wale wasiokitumia, 30 katika kila 100. Lakini hata hao walipewa kwanza matunzo mengine yote mema, ndipo kitambaa kikaongeza juu yake. Wataalamu wa mataifa mbalimbali wanaoshughulikia mguu wa kisukari walipotoa mashauri yao mwaka 2023, walisema kitambaa kichaguliwe kwa kuangalia majimaji ya kidonda, raha ya mgonjwa, na bei. Tena walishauri kwamba asali, dawa za kuua vijidudu za kupaka, na vitambaa vya madini ya fedha visitumiwe kwa nia ya kukiponya kidonda hicho.

Matunzo hayo mengine ni yapi? Ni manne. Nitayasema kwa utaratibu, nanyi wanafunzi mwaweza kuyahesabu kwa vidole.

La kwanza, mguu upumzike. Hili ndilo kubwa kuliko yote kwa kidonda cha unyayoni. Njia iliyo bora ni mganga kuufunga mguu kwa gipsi ngumu iliyofinyangwa kufuata umbo lake, mpaka karibu na goti, ili uzito wa mwili usikae juu ya kidonda. Mgonjwa hawezi kuivua apendavyo, na hiyo ndiyo faida yake, maana sisi wanadamu hujidanganya kwa kusema, "Nafika kisimani tu." Gipsi hiyo haifungwi na fundi yeyote, wala haifungwi mguu wenye usaha mwingi au usiopata damu, mganga ndiye ajuaye. Pasipo gipsi, viko viatu maalumu, na magongo, na kukaa kitako, na jamaa kumchotea maji.

La pili, nyama iliyokufa na sugu ya kando viondolewe. Kazi hii ni ya mtu aliyefundishwa, kwa kisu safi. Mtu asijikate sugu kwa wembe nyumbani.

La tatu, vijidudu vikiingia vipigwe kwa dawa za kumeza au za sindano alizoziamuru mganga. Unga wa kapsuli ulionyunyizwa juu ya kidonda si badala yake. Hukifunika na kuficha hali yake.

La nne, sukari itawaliwe, na njia za damu zichunguzwe. Mganga hugusa mapigo ya mguu, na damu ikiwa haifiki, mara nyingine aweza kuifungulia njia. Mvutaji wa sigara aache, kwa kuwa moshi huzidi kuiziba mishipa.

Sasa niwaeleze jinsi ya kubadili kitambaa nyumbani, kwa yule aliyekwisha kuonwa na mganga na kuelekezwa. Nawa mikono kwa sabuni na maji ya kutiririka. Tandaza nguo safi, uweke vitu vyako vyote tayari. Fungua kitambaa cha zamani pole pole. Kikiwa kimegandamana kiloweshe kwa maji ya chumvi mpaka kiachie chenyewe, usikivute kwa nguvu. Maji ya chumvi hutengenezwa kwa kuchemsha lita moja ya maji safi na gramu 9 za chumvi, yaani kama kijiko cha chai kimoja na nusu. Yaache yapoe kabisa, na kesho yake tengeneza mengine. Kimiminie kidonda maji hayo. Usiuloweke mguu ndani ya beseni, maana ngozi hulegea na vijidudu hupata njia. Kausha pole pole kandokando na katikati ya vidole. Kitazame kidonda: upana wake, rangi yake, harufu yake, na majimaji yake, uandike katika daftari pamoja na tarehe. Weka kitambaa kipya, kisha zungushia bendeji bila kukaza; bendeji iliyokazwa hunyima damu mguu ambao tayari una njaa. Kitambaa cha zamani kichomwe au kifukiwe mbali na mbwa na watoto, nawe unawe tena mikono. Badili kila mganga alivyosema, na kabla ya hapo kama kimelowa au kimechafuka.

Msitie kidondani majivu, wala kinyesi cha ng'ombe, wala dawa ya meno, wala spiriti. Msiukande mguu kwa maji ya moto. Mwenye mguu hatasema kwamba anaungua. Msiuote motoni.

Nazo dalili za hatari ni hizi: wekundu au giza la ngozi linaloenea kupita sentimita 2 kutoka ukingo wa kidonda, uvimbe, joto, usaha, harufu mbaya, kidole kubadilika kuwa cheusi, homa, au sukari kupanda ghafula. Mwonapo mojawapo msingoje siku ya gulio wala mwisho wa mwezi. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Hata pasipo dalili hizo, kidonda chochote cha mguu wa mwenye kisukari ni cha kuonyeshwa kwa mganga upesi.

Kidonda kikiisha kufunga, tusipige vigelegele mapema mno. Yale maandiko ya mwaka 2017 niliyoyataja yanasema kwamba katika kila watu 100 waliopona, wapatao 40 hupata kidonda kingine ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo miguu itazamwe kila siku, juu na chini na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo, au amwite mjukuu. Kiatu kitikiswe na kupapaswa ndani kabla ya kuvaliwa. Mtu asitembee peku, hata nyumbani. Kiatu kipya kinunuliwe jioni, wakati mguu umevimba kidogo, kisije kikabana.

Wasikilizaji, mkulima aliyepoteza mguu hupoteza na jembe, na watoto wake wengine huacha shule ili washike jembe hilo. Kwa hiyo kidonda hiki si cha mtu mmoja, ni cha nyumba nzima, na nyumba nzima yapasa kukitunza: huyu achote maji, huyu achemshe chumvi, huyu aandike daftari, na mwenye mguu akubali kukaa. Kwangu mimi naona hilo la mwisho ndilo gumu, kwa kuwa mzee aliyezoea kazi huona aibu kukaa kitako na hali haumwi. Tumsaidie kuishinda aibu hiyo kwa maneno ya upole na ya heshima, tukimfanyia kazi zake bila kunung'unika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.